Vile nilijipanga na kimbunga Hidaya nikiwa Mukuru

Mei 2024 habari ya Hidaya ilipotoka, ploti yetu huku Mukuru ilikuwa na stori moja tu, ati upepo unatoka baharini kuja kung'oa mabati Nairobi, na vile kufungua shule kulikuwa kumeahirishwa watu wakaona hii sasa ni moto. Mimi nikasema kabla nitoe hata bob wacha nijue kwanza hiki kitu kinatengenezwa aje.

Kumbe kimbunga kinataka bahari yenye joto, kama digrii 26 na nusu kupanda. Maji yanageuka mvuke, hewa moto inapanda, ingine inakimbilia pale chini kujaza nafasi, halafu mzunguko wa dunia unaipinda mpaka inaanza kuzunguka. Karibu na ikweta huo mpindo ni mdogo sana, ndio maana Kenya hatujazoea hivi vitu, waulize wa Msumbiji, kimbunga Idai cha 2019 kiliumaliza mji wao wa Beira. Na kikiingia nchi kavu kinakuwa kama jiko mtungi wa gesi umeisha. Sasa sisi tuko zaidi ya kilomita 400 kutoka Mombasa, juu karibu mita 1,700, upepo gani huo utafika?

Kwa hivyo pesa ya misumari ya mabati sikutoa. Shida yetu ilikuwa mvua, maana Aprili Mto Ngong ulikuwa ushatuingilia na udongo bado umelowa, ikinyesha tena maji hayana pa kwenda. Nikabembeleza majirani tukafungua mtaro wa nyuma, tukatoa pampas, chupa, na nusu godoro iliyokuwa imeziba kona yote, harufu yake wacha tu. Mama mboga akatupa magunia ya viazi, tukajaza mchanga uliobaki kwa mjengo, tukapanga mlangoni. Kitanda kikapanda kwa matofali, vyeti ndani ya nailoni juu ya kabati, na waya ya stima iliyokuwa inalala sakafuni nikaifunga juu ukutani, hiyo ndio huwa inaua watu.

Tarehe 4 Hidaya ikafika kisiwa cha Mafia, huko Tanzania, ikiwa inaishiwa nguvu. Kwetu mvua ikaja usiku mwingine, maji yakapita mtaroni yakalowesha magunia tu.

Landilodi alipokuja kodi akauliza nani amechimba mtaro wake bila ruhusa. Tukamwonyesha ile alama ya maji ya Aprili ukutani, akapunguzia kila nyumba mia tano.