Niliufungia mkono wa kulia kwenye vitufe saba, kodi zikaanza kutiririka

Ushauri mbovu kuliko wote niliopewa nilipoanza kujifunza piano ni huu: kariri kwanza migeuzo ya kodi zote (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), nyimbo zitakuja zenyewe. Nilikariri kweli. Nyimbo hazikuja. Naandika haya kwa sababu bado naona wanaoanza wakipewa maneno yale yale, tena na watu wanaopiga vizuri kabisa, ambao nadhani wamesahau walivyojifunza.

Kwa aliye mgeni kabisa: kodi ya C meja ni noti tatu, C, E na G. Ukizibonyeza C ikiwa chini, huo ni mkao wa msingi. Ukiitoa C chini ukaipandisha juu, unapata E-G-C, mgeuzo wa kwanza. Ukiipandisha na E, unapata G-C-E, mgeuzo wa pili. Wapigaji wengi husema tu invasheni. Noti ni zile zile, jina la kodi ni lile lile, na mzizi wake, yaani noti inayoipa kodi jina, unabaki C popote C ilipo. Mfaransa Jean-Philippe Rameau alishayaeleza hayo kwa maandishi mwaka 1722, kwa hiyo si siri ya mtu.

Mimi nilikuwa naujua mkao wa msingi peke yake, na kwa muda nilijiona nimefika. Kwa mkao huo mmoja unaweza kupiga nyimbo chungu nzima: C, G, A maina, F, zinazunguka, mtu anaimba juu yake. Shida inakuja anapoimba kweli. Kutoka C kwenda G, gumba linavuka vitufe vinne vyeupe na mkono mzima unalifuata. Kabla hujatua, kodi ya kwanza imeshakatika, na ya pili inaingia kwa kishindo kwa sababu umeitua kwa pupa. Ukitazama vitufe huoni maneno ya wimbo. Ukitazama maneno unatua kwenye A badala ya G. Rekodi za upigaji wangu wa wakati ule ninazo, na hakuna atakayezisikia.

Mmoja akaniambia niongeze kasi ya kuruka. Asante sana.

Mwingine akasema nikanyage pedali ili kuziba mapengo. Mapengo yanazibika, sikatai, ila pedali inaibeba kodi iliyopita na kuimwaga juu ya mpya, na unachosikia ni mvumo tu, hujui C imeishia wapi na G imeanzia wapi. Pedali inayofaa ni ile unayoiachia pale pale kodi mpya inapogonga, kisha unaikanyaga tena. Lakini hiyo inadai mkono uwe umefika kwa wakati, na wangu haukuwa ukifika.

Ndipo likaja hilo la kukariri. Hesabu yake: kodi meja 12, maina 12, kila moja ina mikao mitatu, jumla picha 72. Nilizichora zote kwa mkono. Vitufe vyeusi nilivijaza wino, meja nikaandika kwa bluu na maina kwa nyekundu, kisha nikazibandika ukutani juu ya kinanda. Ukuta ulipendeza! Waliokuja kunitembelea waliuliza kama siku hizi nafundisha, na sikuwakatalia kwa nguvu. Kila jioni nilikuwa napanda ngazi: C-E-G, E-G-C, G-C-E, C-E-G ya juu, nashuka, nahamia kodi inayofuata. Nikawa mwepesi hasa. Mtu akipita nyuma yangu naongeza mwendo ili asikie. Kisha nafungua wimbo, C, G, A maina, F, na vidole vinarudi kwenye mkao wa msingi kana kwamba ukuta haupo.

Sababu yake, nilipoiona hatimaye, ilinikera kwa urahisi wake. Zoezi lile linaufundisha mkono kutoka C kwenda C. Wimbo hauendi hivyo. Wimbo unatoka C unakwenda G, na mkono unataka kujua jambo moja: nikiwa hapa kwenye C, G iliyo karibu ni ipi? Picha zangu 72 hazikuwa na jibu hilo, maana kila picha ilikuwa ya kodi iliyokaa peke yake, haijui imetoka wapi wala inakwenda wapi.

Sasa ujanja wangu, ambao nitausimulia polepole kwa kuwa najivunia.

Nilikata vipande viwili vya utepe wa karatasi, ule unaobanduka bila kuacha gundi. Kimoja nilikibandika kushoto kwa B iliyo chini kidogo ya C ya kati, cha pili kulia kwa A iliyo juu yake. Sikubandika kwenye vitufe vyenyewe, nilibandika kwenye ukingo ulio nyuma yake. Kinanda kilikuwa cha kuazima, hivyo gharama yote ya mradi ni huo utepe. Sheria ikawa moja: mkono wa kulia hautoki. Nikapaita zizini.

Tazama kilichomo humo ndani: B, C, D, E, F, G, A. Vitufe saba vyeupe, na kila herufi imo mara moja tu. Ukitaka kodi ya G unahitaji G, B na D, na zizini kuna G moja, B moja, D moja. Hakuna cha kuchagua wala cha kukariri: ni B-D-G, basi. Na kwa sababu hiyo hiyo kodi zote saba za skeli ya C meja, yaani ngazi ya noti zinazoanzia C, zimo, kila moja kwa umbo moja: C ni C-E-G, D maina ni D-F-A, E maina ni B-E-G, F ni C-F-A, G ni B-D-G, A maina ni C-E-A, na ile ya B yenye sauti ya wasiwasi ni B-D-F. Ukizichunguza utaona migeuzo imejipanga humo yenyewe. Mimi niligundua kwamba ninapiga mgeuzo wa pili wa F baada ya kuwa nimeshauzoea.

Nikapiga C, G, A maina, F zizini. C-E-G, B-D-G, C-E-A, C-F-A, na kurudi. Mkono ulikuwa kama haufanyi kazi. Nilishuku nimekosea, nikapiga tena.

Mimi ni mtu wa kuhesabu, kwa hiyo nikahesabu. Kwa mkao wa msingi, ukijumlisha nusu toni (hatua ya kitufe kimoja hadi cha jirani yake, cheusi kikiwemo) ambazo kila noti inasafiri katika mzunguko mzima hadi kurudi C, unapata 52. C kwenda G peke yake ni 21. Zizini mzunguko wote ni nusu toni 12. Kutoka A maina kwenda F ni moja, ndiyo, moja: C na A zinabaki zilipo, E inapanda F. Hesabu hiyo nimewaonyesha watu wengi kuliko walioomba kuiona.

Mwanzoni piga bila mdundo wowote. Shika kodi, kisha kabla ya kusogea taja kwa sauti noti inayobaki. C kwenda G: inabaki G. A maina kwenda F: zinabaki C na A. F kurudi C: inabaki C. Kutoka G kwenda A maina hakuna inayobaki, zote tatu zinapanda hatua moja, na hapo ndipo vidole vyangu vilipokuwa vikijikwaa kila mara, kwa hiyo nilikuwa napiga hizo mbili tu, nenda rudi, mpaka walio jirani wakafunga dirisha.

Suala la vidole watu hulipuuza, nami silielewi hilo. Mkono wa kulia, mkao wa msingi unapigwa kwa 1, 3, 5, yaani gumba, cha kati na kidole kidogo. Mgeuzo wa kwanza ni 1, 2, 5. Wa pili unarudi 1, 3, 5. Maana yake ile safari ya A maina kwenda F, ambayo noti moja tu inahama, inafanywa na vidole viwili: cha shahada kinaachia E, cha kati kinashuka kwenye F. Nilipokuwa nakiburuza cha shahada kutoka E hadi F ilisikika kama nakwangua kitu. Vikipokezana, mtu hasikii mshono.

Kuna aliyeniuliza: ukikuta umbo usilolijua, unajuaje ni kodi gani? Tafuta pengo. Kwenye mkao wa msingi noti zimeachana kwa kitufe kimoja cheupe kila upande, na mzizi uko chini. Kodi ikigeuzwa kuna mahali panaachwa viwili. Noti iliyo juu ya pengo hilo ndiyo mzizi. B-D-G, pengo liko kati ya D na G: ni kodi ya G. C-F-A, pengo kati ya C na F: ni F. Hili nililipata kwa kukodolea macho ukuta wangu wa picha, kwa hiyo siwezi kusema haukunisaidia chochote.

Mkono wa kushoto mwanzoni usiupe kazi kubwa. Upige mzizi tu, noti moja: C, G, A, F. Usiuache ukae bure, kwa sababu C-F-A ikipigwa bila besi inaning'inia, inasikika kama sentensi ambayo haijaisha, na utadhani umekosea. Ukiweka F chini yake inatulia mara moja. Hapa wajuzi watanirukia: mgeuzo hupimwa kwa noti ya chini kabisa inayosikika, kwa hiyo besi ikiwa F kodi nzima iko katika mkao wa msingi, hata mkono wa kulia ujipange vipi. Ni kweli. Ila mkono wa kulia ndio uliokuwa unaruka, na sasa hauruki.

Na usilishushe zizi lote oktava mbili chini eti upate uzito. Noti tatu zilizobanana huko chini zinavuma tu, hazitofautishiki. Karibu na C ya kati ndiyo mahali pake.

Mtu anayenizidi sana kwa upigaji aliniambia zizi litanifanya nisikike mle mle kila siku. Ana hoja, ila dawa yake ni kuhamisha utepe. Zizi la D hadi C linakupa mzunguko ule ule kama E-G-C, D-G-B, E-A-C, F-A-C. La G hadi F linakupa G-C-E, G-B-D, A-C-E, A-C-F. Nimehesabu na hayo pia, nusu toni 12 kila moja. Kinachobadilika ni noti ya juu, ambayo ndiyo sikio hushika: zizi la kwanza juu ni G, G, A, A, la pili ni C, B, C, C, la tatu ni E, D, E, F. Mimi beti napigia zizi la chini, kiitikio kikija napanda la juu. Watu wanadhani nimebadilisha mpangilio mzima wa wimbo, nami huwa nanyamaza.

Ukihamia skeli nyingine kanuni ni ile ile, ila kitufe cheusi kinachukua nafasi ya ndugu yake. Skeli ya G ina F kali, yaani kitufe cheusi kilicho kulia kwa F, kwa hiyo zizi linaanzia hapo hadi E. G, D, E maina, C zinakuwa G-B-D, kisha F kali-A-D, kisha G-B-E, kisha G-C-E. Cheza hizo kwanza kabla hujagusa skeli zenye vitufe vyeusi vingi. Kodi za noti nne, kama G7 (G, B, D na F), unaweza kuzipunguza: acha D, bonyeza B-F-G, na ukitoka hapo kwenda C-E-G kila noti ina mahali pa kwenda palipo jirani.

Mwisho kuna ile mistari mshazari inayotisha watu kwenye karatasi za nyimbo. C/E maana yake kodi ya C, besi E. G/B ni kodi ya G, besi B. Nilikuwa naihangaikia kwa mkono wa kulia, najaribu kupachika E chini ya kila kitu, kumbe ni kazi ya mkono wa kushoto. Wa kulia unabaki zizini na C-E-G yake, wa kushoto ndio unaokwenda E. Jaribu C, G/B, A maina, C/G, F: besi inashuka C, B, A, G, F hatua kwa hatua, na mkono wa kulia karibu hausogei.