Chemchemi ya Pipa

Neno lililonipeleka Almada ni pipa. Nilikuwa Lisbon kwa siku nne, na nilipokuwa nikipekua ramani ya mto Tejo niliona, kwenye ukingo wa kusini, uliko mji wa Almada, maandishi madogo yasomekayo Fonte da Pipa. Maana ya neno la kwanza nilikuja kuambiwa baadaye, kwamba ni chemchemi. La mwisho sikuhitaji kufasiriwa, kwa kuwa uani kwetu Mombasa pipa la maji lilikuwepo kabla sijazaliwa, na mama hulifunika kwa ubao, kisha juu ya ubao akaweka jiwe ili kunguru wasilichezee.

Siku ya tatu nilipanda feri kwenye gati la Cais do Sodré. Kuvuka hadi Cacilhas ni takriban dakika kumi, na mtu aliyezoea Likoni atashangaa kwa kuwa hakuna mkokoteni hata mmoja wala anayeshuka mteremko mbio. Karibu na gati ya Cacilhas imewekwa merikebu ya kivita ya zamani, Dom Fernando II e Glória, iliyoundwa Daman, India, na kushushwa majini mwaka 1843. Niliitazama kwa nje tu, kisha nikashika njia ya magharibi iendayo kandokando ya mto, jabali likiwa kushoto kwangu na maji kulia. Maghala ya Ginjal yaliyopangana hapo yalikuwa mahame, mapaa yameporomoka na milango mingine imezibwa kwa matofali, na kwa mbali mbele likionekana daraja jekundu la 25 de Abril. Nilipita mikahawa miwili na lifti ya Boca do Vento ipandayo jabalini, na baada ya bustani ndogo nikaifikia chemchemi.

Mtu asiyejua anachokitafuta angeipita bila kugeuza shingo. Ni jengo la mawe lililoegemea jabali na kuelekea mtoni, la mwaka 1736, zama za mfalme João V, na nilipoweka kiganja kwenye jiwe karibu na jabali nililiona baridi na lenye unyevu, ingawa jua lilikuwa kali. Ndipo mabaharia walipotekea maji, na swali lililonijia ni kwa nini walihitaji chemchemi ilhali mto mzima uko mbele yao. Nikashuka ukingoni, nikachovya kidole, nikaonja: chumvi. Hapo Tejo inakaribia kumwaga maji yake baharini, na bamvua linapojaa maji ya bahari huingia ndani kabisa. Merikebu zilitia nanga katikati ya maji yasiyonyweka, na kilichotiririka kutoka jabalini ndicho kilichojaza mapipa, yakaviringishwa hadi kwenye mashua na kupelekwa melini. Hata jiji la Lisbon lenyewe, ng'ambo, lilikuwa bado na shida ya maji, kwani mfereji mkuu wa Águas Livres ulianza kuyaleta mwaka 1748.

Safari ya kwenda Goa, India, ilichukua takriban miezi sita, na maji yaliyokaa ndani ya mbao katika joto la ikweta huoza na kunuka. Kwa hiyo mapipa yalikuwa lazima yajazwe tena njiani, na njiani ndiko kwetu. Mnamo Machi 1498 watu wa Vasco da Gama walipotaka kuteka maji karibu na kisiwa cha Msumbiji, wenyeji waliwazuia, nao wakafyatua mizinga hadi wakayapata. Shuleni tulifundishwa habari za viungo na dhahabu. Kuhusu kiu sikumbuki kuambiwa neno. Nikihesabu miaka nikiwa nimeketi pale, niliona kwamba chemchemi hii ilijengwa miaka 7 tu baada ya Wareno kutolewa Mombasa kwa mara ya mwisho, mwaka 1729. Ngome walituachia, na pamoja nayo maneno yao: meza, leso, bendera, gereza na pipa.

Hatua chache kutoka hapo mzee mmoja alikuwa anavua kwa mshipi, ndoo yake ina samaki wawili wadogo. Nilimwamkia kwa Kireno changu cha maneno matano, naye akanijibu kwa Kiingereza cha kuokoteza, akionyesha chemchemi kwa kidevu na kuchora tumbo la pipa hewani kwa mikono miwili. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Mombasa, Kenya. Akataka kujua kitu hicho, alichokichora tena kwa mikono, sisi tunakiitaje.

"Pipa," nikamjibu.

Alitikisa kichwa kwa subira, akaona sikumwelewa, akaniuliza upya, safari hii polepole.