Mtu wa pwani, menya viazi

Nilihamia Katesh, mji wa Manyara chini ya mlima Hanang, miezi minane kabla ya tope. Mtu wa Tanga, chumba kimoja cha kupanga, nauza vitenge. Majirani nawajua kwa shikamoo na marahaba tu, Kiiraqw sikijui hata neno.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, mlima Hanang ukashusha tope, mawe na magogo mpaka mjini. Niliyoyaona siyasemi hapa, kuna watu bado hawajapata usingizi. Chumba changu kilipona. Ajabu ni kwamba hilo ndilo lililonisumbua: nimepona, sasa niende kwa nani?

Nikaenda kwenye shule moja walikohifadhiwa waliopoteza makazi. Nikasimama mlangoni kama mtu aliyekuja harusini bila kadi. Mama mmoja wa makamo, khanga imelowa tope hadi kiunoni, akanitazama juu mpaka chini. "Wewe mtu wa pwani, hapa hakuna nazi ya kukuna. Shika kisu, menya viazi."

Kumbe ananijua!

Nilimenya siku ile na zilizofuata, mikono ikawa myeusi. Hakuna aliyeniuliza kabila wala kanisa (mimi ni Mwislamu, na uji wa asubuhi tulipika wote). Siku ya tatu ndipo nikasikia kwamba nyumba ya yule mama imekwenda na maji. Yeye hakusema.

Siku hizi kukiwa na msiba au harusi, anatuma mtoto: "Mwambie wa pwani aje na kisu chake."