Nilivyoipiga picha rangi ya Nyero kwa hadubini bila kugusa mwamba

Usimwagie maji mchoro wa mwambani. Watu watatu walinishauri nifanye hivyo, mmoja wao msomi kabisa, eti maji yanaamsha rangi. Inaamka kweli, dakika tano. Lakini maji yale yanayeyusha chumvi iliyomo mwambani, na yanapokauka chumvi inaganda chini ya rangi na kuisukuma mpaka ibanduke. Nimeliona hilo kwa macho yangu na bado linaniuma.

Nyero, mapango yenye michoro ya kale mashariki mwa Uganda, iko kama kilomita 8 kutoka Kumi mjini, barabara ya Ngora. Boda ni elfu chache. Kibali nilishapata. Hadubini yangu ni ile ndogo ya kuchomeka kwenye simu, nilinunua Kampala kwa laki na ushee, inakuza kama mara 200.

Siku ya kwanza yote ilipotea. Niliingia pango la pili, lenye maduara mekundu na mitumbwi, nikaishika hadubini mkononi. Ukikuza kiasi hicho, picha nzima ni kipande cha mwamba cha milimita 2 hivi, na pumzi yako tu inatosha kuitikisa. Taa zake nazo zilipiga mwamba usoni, chembe zikameta kama vigae vya chupa, wekundu ukapotea. Picha mia na zaidi, hata moja haikufaa.

Jioni fundi baiskeli wa Kumi akanitengenezea mkono wa chuma, tukaufunga kwenye stendi ya kamera. Miguu mitatu chini, ukutani hakigusi kitu. Kesho yake sikupiga picha hata moja: nilirekodi video huku nikiisogeza hadubini kuelekea mwambani taratibu, taratibu sana, kila sehemu ikipata zamu yake ya kuonekana wazi. Usiku nikachagua vipande vilivyo safi. Taa za hadubini nilizizima, nikaweka tochi ubavuni, leso ya mama yangu ikazuia jua. Aisee! Mwamba ukatoka na mabonde na vilima vyake.

Wekundu ule haukukaa kama rangi ya nyumba. Ni vumbi laini la udongo wenye chuma, limejificha kwenye vishimo kati ya chembe za mwamba. Juu ya chembe zenyewe limeshafutika. Kwenye ukingo wa duara moja, ganda la rangi dogo kuliko punje ya wimbi lilikuwa limeinuka, na chini yake weupe wa chumvi kama sukari iliyomwagika.

Mzee mmoja wa pale, ambaye wazee wake walikuja hapo kuomba mvua, alikiangalia kioo cha simu muda mrefu.

“Mwanangu, hiki ndicho wageni wanachokimwagia maji?”

“Ndicho, mzee wangu.”

Tangu hapo akiona mgeni na chupa ya maji, anamfuata hadi mlangoni mwa pango.

Piga picha ya rula pia kwa umbali uleule, la sivyo hutajua ukubwa wa unachokiona. Na piga picha ya mbali inayoonyesha ulipokuwa. Picha hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye ganda lilelile baada ya mvua za masika. Nilitetemeka nikiwasha tochi. Lilikuwepo, ufa wake haujaongezeka.