Jinsi nilivyotatua equals iliyokuwa haiitwi katika Java

Kwa siku mbili programu yangu ya kutunza orodha ya vitabu ilikataa kukitambua kitabu kilichokuwamo: contains, methodi (kipande cha programu chenye jina) inayouliza kama kitu kimo kwenye orodha, ilirudisha false, ilhali nilipolinganisha vitabu vile vile viwili moja kwa moja, equals, methodi ya kulinganisha vitu viwili, ilirudisha true. Nilisaka nafasi tupu kwenye ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), nikaandika upya hashCode (methodi inayokipa kitu namba ya kukitafutia), nikahama kutoka ArrayList kwenda HashSet, aina nyingine ya mkusanyiko, hali haikubadilika.

Kilichonifungua macho ni kuweka @Override, alama iliyoingia na Java 5 mwaka 2004 ya kutangaza kwamba methodi inafunika ile iliyorithiwa, juu ya equals yangu. Papo hapo kompaila, programu inayotafsiri kodi, ikagoma. Nilikuwa nimeandika equals(Kitabu k), wakati ile ya klasi mama (klasi ambayo yangu hurithi kwayo) hupokea Object, yaani kitu cha aina yoyote. Kwa hiyo sikuwa nimeifunika, bali nilikuwa nimeongeza nyingine yenye jina hilo hilo kando yake. Orodha huita equals(Object), nayo ikaangukia ile ya kurithi, ambayo hukubali tu pale pande zote mbili zinapokuwa kitu kimoja kwenye kumbukumbu. Neno moja ndani ya mabano!

Nilibadili parameta kuwa Object, nikapima aina kwa instanceof, ndipo nikalinganisha ISBN. Tangu hapo contains inarudisha true, na hashCode nimeiacha, maana HashSet inaihitaji.