Kabla hujatuma pesa ya kiwanja cha pwani Pemba

Makundi ya WhatsApp ya Wapemba wa Uholanzi, London na Muscat hayakosi picha za viwanja vinavyouzwa. Picha zenyewe zinafanana: minazi imeinama, mchanga mweupe, bahari imetulia, na chini yake muuzaji ameandika kiwanja kiko hatua ngapi kutoka majini. Hatua hizo hazikwambii kitu. Bahari haipandi kwa kufuata hatua, inapanda kwa kufuata kimo cha ardhi. La kumuuliza muuzaji ni hili: bamvua kubwa la mwezi wa tatu (maji yanayojaa kupita kawaida kwenye mwezi mwandamo au mpevu) likijaa, maji yanafika wapi, na kiwanja kiko juu ya hapo kwa sentimita ngapi?

Hapa Uholanzi swali hilo lina jibu katika kila mtaa. Kwenye kuta za nyumba, makanisa na nguzo za madaraja zimepigiliwa alama ndogo za chuma, nyingi zikiwa za shaba, karibu 35,000 nchi nzima. Kila moja inajulikana iko juu au chini kiasi gani ya usawa mmoja wa Amsterdam unaoitwa NAP, unaokaribiana na usawa wa kati wa bahari. Sehemu ya chini kabisa ya bonde la Zuidplaspolder, kando ya Rotterdam, iko mita 6.76 chini ya usawa huo, na watu wanaishi bondeni humo, wanalima na kukamua ng'ombe. Hawakufika hapo kwa ujasiri. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja matuta yao ikaua watu 1,836 katika nchi hii peke yake. Malango makubwa ya kuzuia bahari wanayotuonyesha leo yalijengwa baada ya msiba huo. Pesa za malango kama hayo hatuna. Kupima, lakini, kunawezekana kwa mpira wa maji na watu wawili.

Kwanza tuwe wakweli juu ya ukubwa wa jambo lenyewe. Kati ya 1901 na 2018 bahari ya dunia ilipanda kama sentimita 20. Kati ya 2006 na 2018 mwendo wake ulikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Kufikia 2100 wanasayansi wa jopo la Umoja wa Mataifa wanakadiria nyongeza inayoanzia sentimita 28 na kufika karibu mita 1, kutegemea dunia itachoma mafuta na makaa kiasi gani. Mtu wa Wete au Mkoani aliyezoea maji kujaa na kupwa kwa karibu mita 4 akisikia milimita 3.7 anaweza kusema hicho si kitu. Ila nyongeza hiyo haiji peke yake, inapanda mgongoni mwa bamvua. Kingo ya mchanga ambayo maji yalikuwa yanaipita mara moja kwa miaka mingi, ukiongeza sentimita 30 itapitwa kila bamvua kubwa likikutana na upepo. Kinachoharibu nyumba ni idadi ya siku ambazo chumvi imeingia.

Halafu Pemba si Maldives. Maldives sehemu kubwa ya nchi haifiki mita 2 juu ya bahari, na huko wamejaza bahari wakainua kisiwa cha Hulhumalé kuhamishia watu. Tuvalu, yenye watu kama 11,000, imetia saini mkataba na Australia mwaka 2023 unaoruhusu watu wake hadi 280 kuhamia huko kila mwaka. Kiribati ilinunua ardhi Fiji. Sisi tuna vilima, na hakuna anayelazimika kuihama Pemba nzima. Tunachopoteza ni pindo: Kisiwa Panza, Kojani, vijiji vilivyokaa kwenye ulimi wa mchanga, na mabonde ya mpunga yaliyo mwisho wa mikono ya bahari. Na pindo ndilo tunalonunua sisi tulioko nje, kwa sababu linapendeza kwenye picha.

Kipimo kinafanywa hivi. Mwambie ndugu au fundi unayemwamini anunue mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 20, ule mafundi wanaosawazishia msingi. Atafute na fito mbili zilizonyooka za mita 2, azichore sentimita toka chini hadi juu. Maji yavutwe ndani ya mpira kutoka kwenye ndoo, yasimiminwe kwa kikombe, maana kumimina kunaingiza mapovu. Akiyatia rangi kidogo, hata ya chai ya rangi, yatasomeka vizuri.

Siku ya kupima ni siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Pwani yetu ina hisani moja: maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, kwa hiyo kilele kinapatikana mchana kweupe. Pale maji yanapofika mwisho, wapige kigingi. Mahali penye mawimbi kigingi kitadanganya, basi waende kwenye hori iliyotulia au ngazi ya gati iliyo jirani.

Toka kwenye kigingi, fito moja inasimama hapo na ya pili inasimama mbele kuelekea kiwanjani. Ncha za mpira zinashikwa kwenye fito, maji yanaachwa yatulie, kila mtu anasoma usawa wa maji kwenye fito yake. Kama fito ya chini imesoma 145 na ya juu 112, ardhi imepanda sentimita 33. Wanaandika, yule wa nyuma anapita mbele, wanaendelea mpaka kwenye kona ya kiwanja iliyo chini kabisa. Kisha wanarudi kwa njia ileile wakipima tena. Jumla ya kwenda na ya kurudi zikitofautiana zaidi ya sentimita 3, kazi irudiwe.

Makosa yanayotokea ni yaleyale. Povu moja katikati ya mpira linatosha kuharibu kituo kizima. Mtu ameziba ncha kwa kidole asimwage maji, akasahau kukitoa wakati wa kusoma. Nusu ya mpira iko juani na nusu kivulini, maji ya moto yakawa mepesi kuliko ya baridi, usawa ukapotea. Fito imesimamishwa kwenye tope ikazama polepole, na dawa yake ni jiwe bapa chini ya fito. Na msikubali kimo kilichosomwa kwenye simu. Simu hukosea kwa mita kadhaa, na nyingine hupima kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu ambalo kwetu liko mbali na usawa halisi wa bahari, mtu amesimama pakavu na simu inamwonyesha namba hasi. Ramani za satelaiti za bure nazo hukosea kwa mita, wakati sisi tunatafuta sentimita.

Sasa hesabu. Tuseme siku ya kupima jedwali la maji la Zanzibar, lile linalotabiri maji yatajaa mita ngapi kila siku, limeandika 3.8, na bamvua kubwa kuliko yote mwaka huo ni 4.2. Kiwanja kimeonekana kiko mita 1.6 juu ya kigingi. Toa 0.4 ya tofauti ya jedwali, zinabaki 1.2. Toa nusu mita ya mawimbi na upepo wa kusi kwa upande ulio wazi, zinabaki 0.7. Toa nusu mita ya bahari itakayopanda wakati nyumba ingali na wajukuu ndani. Zimebaki sentimita 20. Kiwanja hicho ni cha minazi na banda la kutengenezea nyavu, si cha nyumba ya zege ya akiba ya miaka kumi na tano ya kazi. Kwa nyumba ya familia binafsi nisingetuma pesa chini ya mita 2 juu ya bamvua kubwa la mwaka, na ningeongeza pale ambapo kingo ni ya mchanga mtupu, kwa sababu mchanga hauzamishwi tu, unaliwa.

Kisima kinastahili uangalifu kuliko nyumba, maana ndiyo sadaka tunayoipenda kuliko zote. Chini ya kisiwa maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, pana kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ni habari njema, hadi uigeuze hesabu hiyo: ukiyashusha maji ya kisima kwa sentimita 10, mpaka wa chumvi chini yake unataka kupanda mita 4. Ndiyo sababu pampu kubwa iliyoletwa kwa moyo mwema huharibu kisima kilichonywesha kijiji kwa kata na kamba miaka yote. Chumvi haivutwi kutoka ufukweni tu, inainuka pia chini ya pampu kama kichuguu, na ikishaingia inachukua masika kadhaa kusukumwa chini tena.

Kwa hiyo pampu iwe ndogo, ivute polepole kwa muda wa saa 8 kujaza tangi, isivute yote kwa saa moja. Mdomo wa bomba ukae karibu na juu ya maji, usiteremshwe mpaka chini. Visima viwili vifupi vilivyoachana ni bora kuliko kimoja kirefu. Na pamoja na pampu tuma kipima chumvi cha mkononi, kile kinachosoma mikrosiemensi kwa sentimita (jinsi maji yanavyopitisha umeme, chumvi ikizidi namba hupanda), ni kidogo kama kalamu. Maji mazuri yanasoma chini ya 1,000. Yakifika 3,000 kila mtu anaionja chumvi. Bahari yenyewe inasoma karibu 50,000. Kisomwe mara mbili kwa mwezi, siku ya bamvua na siku ya maji mafu (yanapojaa kidogo, katikati ya mabamvua mawili), na kiandikwe kwenye daftari. Namba ikipanda mwisho wa kaskazi na kurudi chini baada ya masika, kisima kinapumua. Ikipanda na isirudi, punguzeni kuvuta mara moja, msingoje ulimi uwaambie.

Tena bahari ikipanda, maji ya ardhini kwenye nchi tambarare yanapanda nayo. Shimo la choo lililokuwa kavu linaanza kuwa na maji. Sakafu ya shimo ibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini ya wakati wa masika, au choo kiinuliwe.

Kwenye mabonde ya mpunga hesabu inauma. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi. Maji ya kina cha sentimita 1 tu yakiingia na kukauka, kila mita moja ya mraba imebakiwa na gramu 350, zaidi ya robo kilo. Watu wanachangishana wanajenga tuta, na tuta pekee linaweza kuzidisha madhara: bamvua likipita juu yake mara moja, chumvi imefungiwa ndani. Tuta linahitaji mlango wa kizibo kinachobembea, kilichopachikwa upande wa bahari, ambacho maji ya mvua ya ndani yanakisukuma kikafunguka na maji ya bahari yanakisukuma kikafunga. Kijiti au mfuko wa plastiki ukikwama hapo usiku mmoja wa bamvua, msimu umekwenda, kwa hiyo awepo mtu wa kukisafisha kabla ya kila mwandamo na kila mpevu, na alipwe. Kusafisha udongo wa kina cha sentimita 30 kunataka maji baridi ya kina kama hicho yapenye mpaka chini na yapate pa kutokea. Masika inaweza kuyaleta kama mfereji uko wazi.

Ukuta wa bahari nitaupitia haraka, kwani mara nyingi ni pesa iliyotupwa. Unakufa kwa namna tatu. Wimbi likigonga ukuta linarudi chini na kuchimba mguu wake, kwa hiyo msingi ufike kwenye mwamba. Maji yaliyonaswa nyuma yanausukuma, kwa hiyo uwekewe mabomba ya kutokea kila mita 2, na kokoto nyuma yake. Na bahari inauzunguka mapembeni, ikala shamba la jirani. Ukijengwa kwa mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi inakula nondo, kutu inavimba, zege linapasuka. Nondo zifunikwe na zege la milimita 50 au zaidi, na mfuko wa saruji wa kilo 50 usipate maji kupita lita 22.

Mikoko ni bora pale ambapo tayari ilikuwapo. Ukanda wa mita 100 unapunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea msitu ulivyo na kina cha maji. Kinachoharibu upandaji ni kupanda chini mno, kwenye tope tupu ambalo hata zamani halikuwa na mti, kwa sababu pako wazi na panafaa kwa picha. Kila jamii ya mti ina kimo chake: mlilana mbele, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa juu zaidi, na mchu unastahimili pembezoni mbele na nyuma. Mbegu ndefu za mkoko zichumwe zile zinazoanguka ukiutikisa mti kidogo, zichomekwe theluthi moja kwenye tope, zipishane mita 1, na zipandwe wakati wa maji mafu zipate siku chache za kushika. Kama eneo lilikufa kwa sababu barabara imeziba mkondo, zibueni mkondo kwanza. Mara nyingi mbegu zitajileta zenyewe.

Na alama. Kila mnapopima, mtafutie usawa ule mahali pasipohama: ukuta wa skuli, ngazi ya msikiti, mwamba. Fundi achonge mstari kwa tindo, aandike tarehe, saa na namba ya jedwali la siku hiyo, na nakala ya daftari ibaki kwa sheha. Mabamvua makubwa huja karibu na mwezi wa tatu na wa tisa. Atakayekwenda likizo mwezi wa tatu achukue mpira kwenye begi, mita 20 hazizidi kilo chache.