Nilivyojipigia hesabu ya muda wa safari ya ndege

Tovuti za kupima safari za ndege zilikuwa zinanichanganya: moja inasema saa sita na kitu, nyingine saba, na tiketi ina lake. Nikaamua kupiga hesabu mwenyewe, na kwa majaribio nikachukua viwanja viwili ambavyo taarifa zake hazikosekani, JFK wa New York na Heathrow wa London.

Umbali haukunisumbua sana. Rula juu ya ramani ya ukutani haifai, maana dunia ni mviringo na ramani imeilazimisha kuwa bapa. Njia fupi kabisa hufuata duara kuu, yaani duara linaloizunguka dunia na kuigawa nusu mbili sawa, ndiyo maana kwenye ramani mstari wa safari huonekana umepinda kuelekea kaskazini. Nilichukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili, nikatumia kanuni ya kosaini (ya hesabu za pembe), nikapata kwamba pembe kati yake, ukipimia katikati ya dunia, ni nyuzi 49.8. Kila nyuzi ni kama kilomita 111.2 juu ya uso wa dunia, hivyo jumla inakaribia kilomita 5,540. Tovuti zote nilizoangalia zilikubaliana na hilo.

Utata uko kwenye muda. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya unapata saa 6 na dakika 10 hivi, jibu ambalo halimsaidii sana msafiri, kwani linachukulia kwamba ndege imezaliwa ikiwa angani, tena kwa kasi kamili. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka getini hadi inaposimama geti la pili, pamoja na foleni ya kuruka, kupanda taratibu, na kuzunguka ikisubiri zamu ya kutua. Mimi huongeza dakika 30 hadi 45.

Halafu kuna upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna mkondo mkali unaovuma kutoka magharibi, na njia za ndege hupangwa upya kila siku kuufuata au kuukwepa. Kwenda London ratiba huwa karibu saa 7; kurudi New York inasogea kwenye 8. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege moja ya abiria ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Hakuna kikokotoo cha umbali ambacho kingekupa jibu hilo.

Tiketi nayo huandika saa za mahali husika. Ukiondoka New York saa 2 usiku na kufika London saa 2 asubuhi, usiseme umesafiri saa 12: toa 5 za tofauti, zinabaki 7. (Mwezi Machi kuna wiki chache ambapo tofauti ni saa 4, kwa sababu Marekani husogeza saa mbele kabla ya Uingereza.)

Kwa safari fupi siamini kabisa jibu la kugawanya. Kilomita 450 kwa hesabu ni nusu saa, lakini ratiba itakuandikia saa nzima au zaidi, kwa kuwa ndege haijakaa sana juu kabla ya kuanza kushuka.